Chupa Iliyomtangulia Mgeni

Mama Vichujio hakuwa na simile na uchafu. Ungemletea valvu mpya inayong'aa, bado imo kwenye nailoni ya kiwandani, angepitisha kidole ndani yake, akuonyeshe chembe ya mchanga kwenye ncha, na hapo ungejua safari yako imeharibika. "Rudisha," angesema, bila kupandisha sauti. Jina lile alipewa na madereva wa malori ya mafuta, kwa hasira, siku aliposimamisha foleni yao nzima kwa ajili ya kichujio kimoja kilichochanika mahali padogo pa kuingia ukucha. Walikuwa wakimsengenya langoni, yeye akasikia, akalipenda. Likamganda.

Alikuwa msimamizi wa mapokezi kwenye depo ya mafuta iliyo ukingoni mwa mji, pale bomba jipya linapoibuka kutoka ardhini na kukomea. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kinachoingia kwenye matangi ni mafuta, si takataka za mafundi. Na alikuwa na msemo wake ambao watu wa pale waliuigiza kila alipogeuza mgongo, mpaka sauti waliipatia: "Kilichoingia kina mwenyewe. Mtafuteni." Ikikutwa glovu ndani ya bomba, glovu ina mwenyewe. Ikikutwa bolti, bolti nayo ina mwenyewe. Habari za "sijui, mama, huenda ni upepo" hakuzitaka hata kuzisikia.

Ila kuna jambo hao waigizaji hawakulijua. Kila asubuhi, kabla hata hajavaa kofia ngumu, mama huyu mkali alikwenda pale bomba linapoishia, akatupa jicho huku na huku kuona kama kuna mtu, kisha akainama na kutega sikio kwenye chuma. Alikuwa anamsikiliza mume wake.

Usimcheke. Ngoja nikueleze.

Mume wake alikuwa mchomeleaji. Watu walimwita Cheche, kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu ya mdomo wake, ambao haukujua kupoa. Bomba lilipoanza kujengwa lilianzia mbali, kule mafuta yanakoshushwa, na Cheche akachukuliwa kwenye kikosi cha mwanzo. Mke alinuna. Cheche akamcheka kweupe.

"Wewe nawe! Wenzangu ndio wanaosafiri, mimi sisafiri. Mimi naleta bomba nyumbani. Linaishia wapi? Si hapo kwako kazini? Basi kila kiungo ninachochomelea, nimepiga hatua kuja kwako."

Akaondoka na begi lake na chupa ya chai. Chupa zenyewe zilikuwa za kikosi, za chuma, zote sawa kama mapacha, na Cheche alikuwa mtu wa kupoteza vitu. Kwa hiyo asubuhi ile mke alichukua mkasi, akakata ukanda kwenye pindo la pazia la jikoni, pazia la maua mekundu, akaufunga kwenye shingo ya chupa kwa fundo gumu. "Hii ndiyo yako. Usiniletee ya mtu." Pazia likabaki na pindo lililopunguka upande mmoja. Mke alisema ataliziba mumewe akirudi.

Cheche alikuwa akipiga simu jioni. Leo tumevuka mto. Leo tumeanza vilima, mawe matupu, shikamoo milima. Nakaribia, mke wangu. Na kila mara alimaliza kwa mzaha ule ule: "Siku bomba likifika hapo, tega sikio. Nitakuita kutoka huku niliko: Mama, bandika chai!" Naye alicheka, akamwambia aache upuuzi, kisha akalala na simu mkononi. Alimtamani mtu yule. Alitamani vurugu zake ndani ya nyumba, viatu vyake vya tope mlangoni, harufu ya moshi wa kuchomelea kwenye shati. Alikuwa anaona bomba linasogea kwenye ramani ya ofisini na moyo unamdunda kama msichana.

Mwaka jana, wakati wa joto kali, bomba likiwa limebakiza mwendo mfupi tu, Cheche akafa.

Aliyemleta nyumbani alikuwa nyapara wa kikosi, mwenzake wa miaka mingi, mtu mpole mwenye mwendo wa pole pole hivi kwamba hakuna aliyemwita kwa jina jingine zaidi ya Kobe. Alikaa sebuleni, kofia magotini, akaeleza. Cheche alikula chakula cha mchana vizuri. Akaenda kupumzika chini ya lori. Hakuamka. Madaktari walisema ni moyo. Mama mkwe, mama yake Cheche, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuzimika, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Chini ya lori? Na jua lile?" Kobe akasema ndiyo, mama.

Vitu vilirudi kwenye begi: mashati, miwani ya kazi, simu. Chupa ya chai haikuwemo. Mjane aliiulizia. Kobe aliviangalia viatu vyake. "Tuliitafuta, shemeji," alisema.

Sasa, mtu akifa, waliobaki kila mmoja hushikwa na kitu chake. Mjane alishikwa na lile lori. Alimjua mumewe: Cheche hakupenda kulala chini ya lori, alisema chini ya lori ni tanuri lenye harufu ya oili. Kwa nini siku ile ya mwisho akalale huko? Kila akifumba macho alimwona amelala kwenye lile joto, jasho linamtoka, hana hata wa kumpa maji. Hakumwambia mtu. Alizidi tu kuwa mkali kwa vichujio.

Kikosi kile kilikuwa na desturi. Kiungo cha mwisho kabisa cha kila bomba walikipa jina la mmoja wao. Safari hii Kobe aliomba kiitwe Kiungo cha Cheche, na kampuni ikakubali, ikachonga na bamba la shaba: jina lake la utani, na chini yake maneno "Alifuata taratibu mpaka mwisho." Bamba lilikuwa tayari limefungwa kwa skrubu pale bomba linapoibukia, limefunikwa kitambaa, linasubiri siku ya ufunguzi. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuchagua gauni. Alilitundika nyuma ya mlango wa chumba chake na kila aliyeingia alitakiwa akishike kitambaa chake na kutoa maoni.

"Nitalisoma kwa vidole," alisema. "Macho yamegoma, lakini vidole bado vina akili. Nitaligusa jina la mwanangu herufi kwa herufi, na mtanisubiri mpaka nimalize."

Basi hapo ndipo mambo yalipokuwa, siku ya mgeni ilipofika.

Mgeni ni jina la mafundi. Kabla bomba jipya halijapitisha mafuta, husafishwa kwanza: mwanzoni mwa bomba huingizwa dude la mpira, nene kama pipa, lenye brashi za waya ubavuni, na maji yenye nguvu hulisukuma kutoka mwanzo mpaka mwisho. Linakuja likikomba kila kilichobaki humo ndani. Mafundi hulingoja kwa hamu, wakiuliza kwenye redio amefika wapi, amepita vilima, yuko salama, ndiyo maana wakaliita mgeni.

Asubuhi ile depo nzima ilikuwa roho juu. Mhandisi mkuu, ambaye alikuwa amesimamia ujenzi wote kutoka mwanzo, alisimama na redio yake begani, amenyoosha shati, kwa sababu wakubwa walikuwa wamekwisha kutangaza siku ya ufunguzi. Mama Vichujio alisimama kwenye valvu. Kobe na wenzake walisimama ukutani, mabegi yao chini. Maji yakaanza kuja, kwanza ya rangi ya chai, halafu mekundu kwa kutu, halafu meusi. Halafu kukatoka kishindo kilichowafanya wote wainame, na chuma kikalia kilio ambacho Mama Vichujio alikielewa kabla ya mtu yeyote. Kikapu cha kichujio kipya kilikuwa kimepasuka, na valvu haikufunga tena.

Walizima kila kitu. Maji yalipokwisha kushuka wakafungua mlango wa chumba cha mapokezi, wakatandaza turubai, wakaanza kuyatoa yaliyomo. Mchanga ndoo kwa ndoo. Vipande vya vijiti vya kuchomelea. Glovu. Kipande cha ubao. Kandambili moja ya mguu wa kushoto, na mtu mmoja akauliza mwenye mguu wa kulia yuko wapi, watu wakacheka kwa woga. Mwisho kikatoka kitu kilichotangulia mbele ya mgeni na kuvunja kichujio: chupa ya chai ya chuma, imebonyea ubavu mmoja, imekwaruzwa mpaka inang'aa. Kwenye shingo yake kulikuwa na ukanda wa kitambaa, umelowa, mweusi kwa kutu, lakini fundo halijafunguka.

Mama Vichujio aliliona lile fundo, akalijua. Alishika ukingo wa bomba.

"Haya," alisema Mhandisi. Uso alikuwa ameukunja. "Mgeni katuletea chai. Ya nani?" Akawageukia watu wa ukutani. "Kobe. Hapa anayeishi na chupa ya chai mkononi mchana kutwa ni wewe."

Hapo watu waliangua kicheko, maana ilikuwa kweli. Kobe bila chai hakuwa Kobe. Hakucheka. Alisogea taratibu mpaka kwenye turubai, akaitazama chupa, akautazama ukanda. Kisha akamtazama Mama Vichujio usoni, kwa muda mfupi tu, na akageuka.

"Ni yangu," alisema.

Nyuma yake, kwenye begi lake pale ukutani, chupa yake ya chai ilikuwa imechomoza shingo. Mama Vichujio aliiona. Alifungua mdomo. Ndani ya kichwa chake aliliona bamba la shaba, akaliona gauni nyuma ya mlango, akaufumba mdomo. Yule mwanamke ambaye hakuwahi kumwachia mtu hata bolti alikula jiwe mbele ya watu wote.

Mhandisi alisema kesho saa nne kikao, ripoti iandikwe, na nyapara asipoteze muda wake kutafuta kazi kwenye bomba lijalo. Takataka zifungiwe stoo kwa ushahidi. Ufunguo wa stoo alikuwa nao Mama Vichujio.

Kazi ilipokwisha na watu kuanza kutawanyika, alimwita Kobe stoo. Alikuwa ameishika chupa kwa mikono miwili. Hakumkaribisha akae.

"Shemeji, usinifanye mtoto. Hii ni ya Cheche. Ilikuwa wapi?"

Kobe alijikuna shingo. Alikaa juu ya debe bila kualikwa, akavua kofia.

"Ilikuwa naye," alisema. "Shemeji, hakufa chini ya lori."

Akaeleza, kwa ule mwendo wake, na kwa mara ya kwanza Mama Vichujio hakumharakisha. Kule porini hakukuwa na kivuli. Jua la saa saba lilikuwa linapiga mpaka kofia zinanuka. Lakini sehemu ya bomba iliyokwisha kufukiwa ilikuwa ya baridi kama kisima, na mdomo wake ulikuwa wazi ukingoja kiungo kinachofuata. Kwa hiyo wakishakula walikuwa wakitambaa ndani, wanajilaza, wanalala kidogo. Ilikatazwa, na kila mtu alijua ilikatazwa, na kila mtu alilala. Cheche alikuwa na mahali pake, ndani kuliko wote, na chupa yake kichwani.

"Na kila siku kabla hajaingia," Kobe alisema, "alikuwa anakwenda kwanza kwenye yale mabomba ya mbele, yaliyopangwa kuelekea huku. Anaingiza kichwa, anapiga kelele: Mama, bandika chai! Bomba linamwitikia. Sisi tunakufa kwa kicheko. Tunamwambia huyo mkeo atakusikia vipi, chizi wewe. Anasema, mwacheni, anasikia. Hata siku ile aliita. Akaja, akatambaa ndani, akalala. Muda wa kazi ulipofika tukamwita. Tukadhani anatutania. Tukamvuta kwa miguu."

Mama Vichujio alikuwa analia bila sauti, machozi yanadondokea kwenye chupa.

"Alikuwa na joto?"

"Hapana, shemeji. Uso wake ulikuwa mkavu. Alikuwa mtu aliyelala."

Kobe alimwacha alie. Kisha akasema lililobaki. Jioni ile, maiti imekwisha kuondoka na gari, redio ilitoa amri: siku isipotee, kiungo kinachofuata kifungwe kabla ya giza. Kazi ya nyapara ni kuinama na kumulika ndani kwa tochi kabla bomba halijafungwa. "Tochi niliishika," Kobe alisema. "Kichwa kikakataa kuinama. Sikuweza kutazama mle alimokuwa amelala. Nikawaambia, chomeleeni. Kwa hiyo leo niliposema ni yangu, sikusema uongo sana."

"Na lile lori?"

"Lori tulilitunga ili asisemwe vibaya. Na sisi tusisemwe." Akavaa kofia. "Achana nayo, shemeji. Jina limekwisha kuchongwa. Mama yake anangoja. Mimi nikifukuzwa nitakwenda zangu nyumbani, na kwa mwendo huu wangu, mpaka nifike, watu watakuwa wamesahau."

Alikuwa anajaribu kumchekesha, maskini. Hakufanikiwa.

Nyumbani Mama Vichujio alimkuta mama mkwe amelivaa gauni. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono ameitanua, jirani mmoja amepiga magoti akimpimia upindo. "Mwanangu, umekuja? Njoo useme ukweli, huyu jirani ananivisha kilemba cha ukoka. Nimependeza au sijapendeza?"

"Umependeza, mama."

"Nataka wakisema huyu ndiye mama yake, waone kweli huyu ndiye mama yake."

Mama Vichujio alikwenda jikoni, akasimama mbele ya pazia. Jua la siku zote hizo lilikuwa limekula maua yake mpaka yamekuwa ya rangi ya chumvi. Pindo lilikuwa pale pale, limepunguka, nyuzi zinaning'inia. Kwa kweli hakuna mtu duniani aliyemlazimisha kusema chochote. Angenyamaza, ufunguzi ungefanyika, mwanamke huyu mzee angesoma jina kwa vidole vyake, na Kobe angetoka pole pole langoni na begi lake. Nani angejua? Alijaribu kuipenda picha hiyo. Aliipenda mpaka alipofika pale Kobe anapotoka langoni, kwa kosa la mtu mwingine, huku yeye mwenyewe amesimama kwenye valvu akisema kilichoingia kina mwenyewe. Hapo ikamshinda. Ungemwuliza Cheche, angecheka mpaka akae chini: "Mama Vichujio umechanika?"

Saa nne walikaa chini ya paa la kushushia mizigo, turubai mbele yao, takataka zote zimepangwa tena. Mhandisi alikuwa na kalamu mkononi. Alisema kwa sauti kavu kwamba kampuni imepata hasara, ufunguzi umesogezwa, na mwenye kosa amejitaja mwenyewe, kwa hiyo hakuna la kujadili.

"Lipo," alisema Mama Vichujio, akasimama. "Hiyo chupa si ya Kobe. Ni ya mume wangu. Ukanda huo nilikata mimi kwenye pazia la jikoni kwangu, mtu asiyeamini namkaribisha aje aone pengo."

Kobe alifumba macho kama mtu anayesikia jino linang'olewa.

Mama Vichujio alisema yote. Alisema mumewe alikuwa analala ndani ya bomba, na ilikatazwa, na alijua. Alisema hakufa chini ya lori. Alisema Kobe alishika tochi na hakumulika, na hilo ni kosa lake Kobe, asisamehewe kwa sababu ya upole wake. Kisha akamgeukia Mhandisi.

"Na jioni ile ile, maiti haijafika hata hospitali, kuna mtu aliyesema kwenye redio kwamba bomba lifungwe, siku isipotee. Simtaji. Yeye anajijua. Kilichoingia kina mwenyewe, mheshimiwa. Hiki kina wenyewe watatu, na mmoja amekwisha kufa."

Mhandisi alikaa na kalamu yake, anaitazama redio iliyokuwa mezani. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mtu wa ratiba, na ratiba siku ile ilikuwa imemla. Wafanyakazi wote walikuwa wanaangalia viatu vyao.

"Redio ilikuwa mkononi mwangu," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Nitaandika hivyo." Akaandika mstari mmoja. "Lakini lile bamba, mama. Maneno yale. Haliwezi kubaki."

"Najua. Nipeni bisibisi."

Walitaka kumfanyia, akakataa. Alipiga magoti pale bomba linapoibukia, akaondoa kitambaa, akaanza kufungua skrubu moja moja. Ya mwisho ilikaza, akaibembeleza kama mtoto mkaidi. Kabla hajainuka aliweka sikio kwenye chuma mbele yao wote. Hakuna aliyecheka. Hakusikia kitu, na safari hii alikuwa anajua kwamba mtu aliita kweli.

Kobe hakufukuzwa. Alishushwa unyapara, akabaki na kazi moja ya kudumu: kumulika ndani ya kila kiungo kabla hakijafungwa, na kusema kwa mdomo wake kwamba ameona. Na agizo likatoka kwamba kikosi kipewe hema la kivuli popote kinapochimba, tena saini ya Mhandisi ilikuwa chini yake. Chupa ilitakiwa iende na ripoti makao makuu. Mama Vichujio hakubishana.

"Ukanda tu," alisema. "Chupa chukueni. Ukanda ni wa pazia langu."

Mhandisi aliitikia kwa kichwa. Fundo lilikuwa limevimba kwa maji, halikusikia vidole wala bisibisi. Mama Vichujio aliling'ata kwa meno mpaka likalegea, na mdomoni akaonja kutu.

Nyumbani alimkuta mama mkwe amekaa kitandani, gauni liko nyuma ya mlango. Alikaa kando yake, akamshika mkono, akamwambia bila kuzunguka. Jina limeondolewa, mama. Sababu ni hii. Alimweleza habari ya bomba lililofukiwa, na mahali pake Cheche palipokuwa ndani kuliko wote, na chupa kichwani, na jinsi alivyokuwa akiita kwenye mabomba kila mchana. Bibi kizee alisikiliza mpaka mwisho.

"Mle ndani," aliuliza, "kulikuwa na joto?"

"Hapana, mama. Kulikuwa na kivuli. Kulikuwa baridi."

Mama mkwe alivuta pumzi, akaitoa taratibu, ndefu, kana kwamba alikuwa ameishikilia tangu mwaka jana.

"Basi," alisema. "Mimi nimekuwa nikimwona chini ya lile lori kila siku. Kila siku, mwanangu. Jua linampiga. Sikutaka kukwambia, nilijua una yako."

Walikumbatiana, wakalia kwa sauti, wanawake wawili waliokuwa wamefichana lori moja ndani ya nyumba moja.

Baadaye mama mkwe alilivaa lile gauni. Alisema halitakaa nyuma ya mlango mpaka litafunwe na mende, atalivaa hata kama ni kwa ajili ya kukaa jikoni. Akakaa jikoni. Mkwewe alikuwa ameufua ukanda kwa sabuni, maji baada ya maji, mpaka kutu ikatoka, akaupiga pasi na kuushona kwenye pindo la pazia. Alipomaliza alirudi nyuma kutazama. Haukulingana. Pazia lote lilikuwa limepauka kwa jua, ila kipande kile, kilichokaa gizani muda wote ule, maua yake yalikuwa bado mekundu vile vile kama asubuhi ile alipokikata.

"Umemaliza?" mama mkwe aliuliza. Alinyoosha mkono, akalipata pindo, akapitisha vidole juu ya ule mshono, taratibu, kutoka mwanzo wake mpaka mwisho. "Haya. Na yeye alikuwa anapiga kelele gani humo kwenye bomba? Niambie tena."

"Alikuwa anasema, Mama, bandika chai."

"Sasa si umesikia? Unangoja nini?"

Akajifuta macho kwa kiganja, akachukua sufuria, akabandika.